Msiba wa Jumamosi Saa Nne

KUFUNGUA KIKAO

Iko nchi moja, wala usijisumbue kuitafuta kwenye ramani, kwa sababu ramani yake ilipigwa marufuku siku mkuu wa nchi alipoiona na kusema imechorwa ndogo. Katika nchi hiyo kila jambo hufanywa kwa hiari. Watu husimama juani kwa hiari misafara inapopita, hupiga makofi kwa hiari, na yule asiyetaka kujitolea huchukuliwa kwa hiari na kupelekwa mahali fulani nje ya mji ambako, kwa mujibu wa redio, wenzake humkaribisha vizuri. Ipo hata Wizara ya Hiari. Jengo lake lina ghorofa kumi na moja na madirisha upande mmoja tu, ule usiotazamana na watu.

Katika mji mmoja wa nchi hiyo kuna mtaa unaoitwa Maridhia, wenye nyumba sitini, na mtaa huo una Kamati ya Hiari ya Wakazi. Wajumbe wake hawakuchaguliwa wala hawakulazimishwa. Barua ya kuomba kujitolea hukufikia nyumbani ikiwa imekwisha jazwa jina lako na kutiwa sahihi yako, na kazi yako wewe ni kuipokea kwa mikono miwili na kuuliza kikao ni lini.

Katibu wa kamati hiyo alikuwa Bi Mkunde, mjane wa miaka hamsini na minane, karani mstaafu wa wilaya. Alikuwa mtu mkimya mwenye mwandiko mzuri mno. Watu wa Maridhia walimpelekea kadi za harusi awaandikie majina ya wageni, na wapo waliozihifadhi kadi hizo hata baada ya ndoa zenyewe kuvunjika.

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa Fundi Tindwa, mshona nguo, mzee wa miaka sitini na sita, futi ya kupimia shingoni siku zote. Kila alfajiri Bi Mkunde alipotoka na fagio lake alimkuta Tindwa upande wa pili akitia mafuta cherehani.

"Shikamoo, kaka Tindwa."

"Marahaba, Mkunde. Umeamka?"

"Nimeamka."

"Basi tumeamka wawili. Waliobaki watajijua."

Miaka ishirini na sita walisema maneno hayohayo, na hakuna aliyewahi kuyachoka.

Sasa ili uelewe kwa nini Bi Mkunde alikubali kuwa katibu, sharti uelezwe msiba wa mumewe, Mzee Kilangi. Kazi ya kamati iliyopendwa na watu wote ilikuwa moja: kutunza turubai la mtaa, viti na masufuria makubwa, na kuvipeleka penye msiba. Lakini turubai halikutoka stoo mpaka kamati ikae na kuidhinisha, na kamati haikuweza kukaa bila akidi. Siku Mzee Kilangi alipofariki akidi haikutimia, kwa sababu wajumbe wanne walikuwa tayari wako msibani wamekaa juani wakisubiri turubai. Mwenyekiti aliwaita waje kikaoni, wao wakasema si adabu kuondoka msibani. Turubai lilifika saa kumi jioni, marehemu keshazikwa tangu saa nane, watu wanajipangusa mikono wakiaga.

Siku ile jua lilikuwa la kuua. Fundi Tindwa ndiye aliyechukua mashuka saba ya wateja wake, akayaunga kwa cherehani kwa dakika chache, akayafunga kati ya ukuta wake na mti wa mkungu wa nyuma ya nyumba, na wafiwa wakakaa chini ya kivuli cha maua na mistari. Bi Mkunde hakuwahi kukisahau kivuli kile. Alipoinuka kwenye mkeka siku ya tatu aliapa kwamba hakuna mtu wa Maridhia atakayechelewesha msiba wa mwenzake tena, na barua ya kujitolea ilipomfikia yeye alikuwa wa kwanza katika historia ya nchi kuipokea kwa furaha.

YATOKANAYO

Mwenyekiti wa kamati aliitwa Mashaushi. Alikuwa mnene, mwenye sauti, na hakuweza kuomba chumvi mezani bila kuanza na "Ndugu wananchi." Mwaka huo Wizara ilimletea kitabu chenye jalada la kijani, Mwongozo wa Kamati Yenye Ufanisi, na Mwenyekiti alikisoma kwa siku tatu akitoka nje mara mojamoja kuwatazama watu wake kwa huruma.

Mwongozo ulisema kikao kifanyike Jumamosi na muhtasari wa kikao uwe umefika Wizarani Alhamisi adhuhuri. Haukusema Alhamisi ipi. Kamati nyingine nchini ziliandika barua kuuliza, na hazijasikika tena. Mwenyekiti Mashaushi hakuuliza.

"Bi Katibu," alisema, "utauandika Jumatano."

"Lakini Mwenyekiti, kikao kitakuwa bado."

"Kwani hujui tutasema nini? Miaka tisa tunasema yaleyale."

Bi Mkunde akafikiri, akaona ni kweli. Akaketi Jumatano akaandika muhtasari wa kikao cha Jumamosi, kurasa tatu, nani alisema nini na nani alimuunga mkono. Jumamosi wajumbe wakagawiwa nakala, kila mmoja akatafuta maneno yake akayasoma. Kikao kilichokuwa kikichukua nusu siku kilimalizika kwa dakika kumi na moja. Watu walirudi makwao wakiwa bado na asubuhi nzima, wakamshukuru Katibu njiani.

Yalitokea mawili matatu ya kurekebishana, kama ilivyo katika jambo lolote jipya. Mjumbe wa nyumba namba tisa, ambaye Bi Mkunde alimwandika hakuhudhuria kwa kuwa alikuwa na homa, alipona Ijumaa akaja. Aliombwa akae nje chini ya dirisha, akakaa, akasikia kila kitu. Kwenye ukurasa wa pili iliandikwa kwamba Mwenyekiti alitoa mzaha na wajumbe wakacheka. Muda wa mzaha wenyewe haukuwepo, kwa hiyo wajumbe walicheka tu.

Fundi Tindwa, ambaye hakuwa mjumbe ila alihudhuria kila kikao kama mkazi, alinyoosha mkono.

"Mimi nina swali."

Mwenyekiti akafunua karatasi, akateremsha kidole. "Hapa pameandikwa, hakukuwa na swali."

"Hilo naliona. Sasa hili langu niliweke wapi?"

Bi Mkunde aliinamisha uso, akajisikia vibaya kidogo, lakini kikao kikafungwa kwa wakati.

Alipata moyo wa kuleta hoja yake mwenyewe, ile iliyomfanya aingie kwenye kamati. Alipendekeza turubai litoke stoo bila kusubiri kikao. Hoja ikapita, kwa sababu ilikuwa imeandikwa imepita. Mwezi uleule alifariki mzee wa nyumba namba kumi na mbili, na turubai lilikuwa limesimama uani kwake kabla hajamaliza kuoshwa. Bi Mkunde alikwenda nyuma ya nyumba akalia peke yake. Aliona kama mumewe naye ndiyo kwanza amezikwa vizuri.

Mwenyekiti hakuridhika. Aliwakusanya watu akawaambia: "Ndugu wananchi, hata saa moja baada ya kifo bado ni kuchelewa. Kuchelewa ni adui, na adui huyu sisi tutamtangulia. Tutafika mahali kabla ya tukio, tutalisubiri tukio, na tukio likija litatukuta tumekaa."

Watu walipiga makofi bila kufikiri sana. Mwezi uliofuata bibi mmoja wa nyumba namba arobaini aliugua. Hakuwa mahututi, alikuwa na kikohozi. Asubuhi alifungua dirisha akaona turubai, viti themanini, na majirani zake wamekaa wamevaa nguo za msiba, kimya, wakimtazama. Masufuria yalikuwa jikoni yanachemka. Yule bibi alikuwa mtu wa heshima sana, hakupenda kuwasumbua watu. Alifunga dirisha, na kabla wali haujapoa alikuwa keshafariki.

Wizara ilileta barua ya pongezi yenye muhuri wa dhahabu. Bi Mkunde alipoisoma kwenye kikao sauti yake ilikwaruza, akasingizia vumbi.

KUTHIBITISHA MAJINA

Pamoja na pongezi ilikuja Fomu Namba Saba. Ilikuwa fomu fupi, yenye mistari sita, na mstari wa sita ulisema: Jina la marehemu wa mwezi.

Yule bibi alikuwa wa mwezi uliotangulia, na mwezi ule hapakufa mtu. Bi Mkunde akaandika "Hakuna" kwa mwandiko wake mzuri, akaituma. Ilirudi kesho yake ikiwa na wino mwekundu: "Mtaa usio na msiba utaoneshaje ufanisi wake katika misiba? Jazeni. Mkaguzi atafika Jumamosi. Maziko yawe saa nne, yamalizike saa nne na robo."

Siku ya Jumatano mchana Mwenyekiti akamwita sebuleni kwake. Alimkaribisha chai, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Bi Katibu, usiwe na wasiwasi. Sisi hatumuui mtu. Sisi tunajaza fomu."

"Nimjaze nani, Mwenyekiti?"

"Wewe unawajua watu kuliko mimi. Zipo nyumba sitini. Chagua."

Bi Mkunde akazipitia nyumba zile kichwani, moja baada ya moja. Nyumba ya kwanza kuna mama mwenye mapacha. Ya pili kuna mlevi, lakini mlevi yule humchotea maji. Ya tatu, ya nne, ya tano. Alifika ya sitini chai ikiwa imepoa kabisa.

"Siwezi," akasema.

"Nilijua hutaweza, una roho nzuri. Ndiyo maana nimekusaidia." Mwenyekiti akainama mbele, akapunguza sauti kama mtu anayezungumzia zawadi. "Andika Tindwa. Hatavunja akidi, si mjumbe. Maswali yake unayajua. Tena ni mtu wa misiba yule, hajakosa maziko hata moja. Atafurahi."

"Mwenyekiti, Tindwa ni jirani yangu."

"Basi andika mwingine. Nimesema nakataa?"

Hapo ndipo Bi Mkunde alipokosea, na alilijua kosa lake tangu lilipokuwa bado kwenye vidole. Alijiambia kwamba hii ni karatasi tu. Inakwenda kwenye jengo la ghorofa kumi na moja, itawekwa juu ya karatasi nyingine, na Tindwa ataendelea kushona. Akachukua kalamu akaandika, na mkono uliozoea kazi haukujua unaandika nini, kwa hiyo jina lilitoka zuri kuliko majina yote aliyowahi kuyaandika kwenye kadi za harusi.

MENGINEYO

Siku ya Ijumaa alfajiri Bi Mkunde hakutoka kufagia. Alisimama nyuma ya mlango akasikia miguu mingi upande wa pili wa ukuta, na vishindo vya nguzo.

Fundi Tindwa alitoka ndani akakuta watu wanasimamisha turubai uani kwake. Akawauliza nani amefariki. Hawakujibu, walikuwa wanahangaika na kamba. Tindwa hakupenda kuona kamba ikifungwa vibaya, akawaonesha fundo, akashika nguzo ya katikati mpaka likasimama sawa. Ndipo mmoja wao akamwinamia, macho chini, akasema, "Pole sana." Tindwa akaingia ndani kumuuliza mkewe, Mama Sikujua, kama kuna habari yoyote kutoka kwao.

Mama Sikujua alipoelezwa na wanawake waliokuja na mikeka yao kwamba aliyefariki ni mumewe, alicheka sana. Mume mwenyewe alikuwa amesimama pale na kikombe cha uji. Lakini wanawake wakaingia wengi, wakamfunika khanga kichwani, wakamkalisha chini, wakaanza kulia, na wengine walilia kwa machozi ya kweli maana kila mtu ana msiba wake wa zamani. Mama Sikujua akawatazama mmoja mmoja. Kicheko kikamwisha, kikaja kilio, na hakujua kilitoka wapi.

Tindwa akaona bora aende dukani kununua uzi. Mwenye duka, rafiki yake wa bao, alimwambia kwa upole kwamba hauzi kitu kwa marehemu, ni sheria mpya, asimwelewe vibaya. Aliporudi alimkuta mteja ambaye yeye Tindwa alikuwa amshonee gauni la sherehe. Mteja alichukua kwenye cherehani kitambaa chake ambacho hakijashonwa, bila kumtazama Tindwa usoni, akaenda kukaa na waombolezaji. Vijana wawili wenye vitambaa vya Kamati vilivyofungwa mikononi walikuwa wamekaa langoni, na kila Tindwa alipokaribia barabara walisimama kwa heshima kubwa na kuziba njia.

Mchana akasogea kwenye ukuta.

"Mkunde."

Bi Mkunde alikuwa upande wa pili, fagio mkononi, hafagii.

"Leo hukunipa shikamoo."

"Kaka, ni karatasi tu," akasema Bi Mkunde.

"Karatasi gani?"

Akamweleza yote, sebule, chai, nyumba sitini, mstari wa sita. Alieleza huku akilia, na kwa mara ya kwanza tangu msiba wa Mzee Kilangi hakujali nani anamsikia. Tindwa hakumkatiza. Alisikiliza mpaka mwisho, akaivua futi shingoni, akaikunja taratibu, akaitia mfukoni.

"Saa ngapi?"

"Saa nne, kesho."

"Jana walikuja kuazima futi yangu. Walisema wanapima shimo la taka." Akaigusa futi mfukoni. "Na mimi natakiwa nifanye nini hapo kesho?"

"Sijui, kaka. Fomu haisemi."

"Una mwandiko mzuri, Mkunde. Nilikuwa nawaambia wateja wangu, wakitaka mtu wa kuwaandikia waje kwako."

Bi Mkunde alitamani amtukane. Angemtukana ingekuwa nafuu. Tindwa alirudi kwenye kiti chake chini ya turubai, na kwa kuwa wageni walikuwa wengi na wahudumu wachache, akainuka akaanza kuwagawia maji.

Bi Mkunde akaingia ndani, akautoa Mwongozo kwenye sanduku, akausoma kuanzia jalada. Alisoma mpaka macho yakauma. Kwenye ukurasa wa sabini na tatu, chini kabisa, kwa herufi ndogo, akakuta ibara aliyoitaka: Muhtasari ni kweli tupu. Hata hivyo Katibu, na yeye peke yake, anaweza kuusahihisha kabla kikao hakijafungwa. Akaisoma mara tatu. Akakunja pembe ya ukurasa ule.

KUFUNGA KIKAO

Mkaguzi alifika Jumamosi saa tatu na nusu kamili. Alikuwa kijana msafi, mpole, mwenye saa ya kubonyeza mkononi, na alimsalimia kila mtu kwa jina lake bila kutajiwa. Aliketi kiti cha mbele, chini ya turubai uani kwa Tindwa. Mwenyekiti Mashaushi akafungua kikao kwa hotuba.

"Ndugu wananchi, leo tunamsindikiza ndugu yetu Tindwa. Alikuwa fundi. Alikuwa jirani. Alikuwa na maswali, lakini tulimsamehe. Kifo chake kisitukatishe tamaa, kwani ni kifo chenye ufanisi, kimefika kwa tarehe yake. Wangapi kati yetu wataweza kusema hivyo?"

Tindwa aliketi safu ya pili, amevaa kanzu yake safi. Watu wa kulia na kushoto walikuwa wamevuta viti vyao kidogo.

Jeneza likainuliwa. Lilikuwa jepesi, wabebaji hawakujua waweke nguvu wapi. Tindwa, ambaye kwa miaka ishirini na sita alikuwa akibeba upande wa mbele kushoto katika maziko yote ya Maridhia, alikwenda mahali pake pa kawaida akaweka bega. Hakuna aliyemkataza. Walitembea hivyo hadi makaburini, Bi Mkunde nyuma yao, Mwongozo umebanwa kwapani.

Kaburi lilikuwa limechimbwa vizuri, kwa vipimo. Jeneza likawekwa pembeni, kifuniko kikafunguliwa, na wote wakashangaa kuona ndani ni tupu, kana kwamba walitegemea vingine.

"Zimebaki dakika sita," akasema Mkaguzi. "Marehemu yuko wapi?"

Mwenyekiti akanyoosha mkono kwa madaha kumwonesha Tindwa. Tindwa akavua kofia.

"Bwana Mkaguzi, mimi nina swali."

Mkaguzi akafunua muhtasari, akasoma kwa makini, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. "Hakukuwa na swali, mzee."

Vijana wawili wenye vitambaa wakasogea. Mmoja alimshika Tindwa mkono kwa upole, juu ya kiwiko, kama mtu anayemvusha mzee barabara. Hapo Bi Mkunde akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Naomba kusahihisha muhtasari."

Kila mtu akageuka. Mkaguzi akasimamisha saa yake, na uso wake ukang'aa kwa furaha. "Ibara ya ukurasa wa sabini na tatu. Nchi nzima hakuna katibu aliyewahi kuitumia. Kosa liko wapi, Bi Katibu?"

"Jina la marehemu."

"Liweje?"

"Hakuna. Hakuna aliyekufa. Iandikwe hakuna."

"Hilo halipokelewi, mama, ulishajibiwa kwa wino mwekundu. Mstari wa sita haukai mtupu." Akabonyeza saa ikaanza tena. "Zimebaki dakika nne. Nitajie jina."

Bi Mkunde akawatazama watu wa nyumba sitini. Walikuwa wote pale, na wote walitazama miguu yake. Mama wa mapacha alikuwa amewaficha wanawe nyuma ya khanga. Mlevi hakuwa amelewa. Tindwa alikuwa amemkazia macho, akitikisa kichwa polepole, na mpaka leo Bi Mkunde hajui alikuwa anamkataza nini. Mwenyekiti Mashaushi alikuwa anatabasamu. Alikuwa anajivunia katibu wake, aliyeijua ibara ambayo yeye mwenyewe aliiruka.

"Mashaushi," akasema Bi Mkunde.

Mkaguzi akaandika.

Mwenyekiti akacheka, akatazama huku na huku apate wa kucheka naye. Hapakuwa na mahali palipoandikwa wajumbe wakacheka. "Ndugu wananchi," akaanza, "mimi ndiye mwenyekiti."

"Ulikuwa," akasema Mkaguzi, bila ubaya wowote.

Wale vijana wakaachia mkono wa Tindwa, wakashika mwingine. Mashaushi akatazama shimo, akamtazama Katibu wake, na sauti yake kubwa ikawa ndogo sana. "Nina swali," akasema.

Mkaguzi akaufunua tena ukurasa wa pili, maana alikuwa mtu wa haki, akausoma mpaka chini. "Hakukuwa na swali."

Kisha akawaomba wananchi wote, kwa heshima ya marehemu, wageuke watazame barabarani. Wakageuka. Bi Mkunde naye aligeuka. Barabarani palikuwa na mbwa mmoja amelala na gari la Wizara limeegeshwa kivulini, na walivitazama vitu hivyo viwili kwa muda mrefu. Waliyoyasikia nyuma yao hayamo kwenye muhtasari. Muhtasari unasema maziko yalimalizika saa nne na robo, na waliporudi mtaani walikuta turubai limekwisha hamishwa kutoka kwa Tindwa na kusimama uani kwa Mashaushi, na masufuria yanachemka.

Maridhia ikawa ya kwanza nchini. Bi Mkunde akapewa cheti, na kwa kuwa kiti cha mwenyekiti kilikuwa wazi, barua ikaja imejazwa kwamba amejitolea kukikalia pamoja na ukatibu wake. Aliipokea kwa mikono miwili.

Mambo mengi yalitengemaa mtaani. Ugomvi uliisha. Kila asubuhi alikuta mlangoni kwake sahani zimefunikwa, maandazi, papai lililomenywa, samaki wa kukaanga, na hakujua zimetoka nyumba ipi kati ya sitini kwa kuwa zilitoka zote. Alikwenda dukani akahudumiwa kabla hajasema anachotaka. Mama wa mapacha aliwaleta wanawe wamsalimie, akawasimamisha mbele yake wamevaa vizuri, akasema ni watoto watulivu sana, hawasumbui mtu. Bi Mkunde alitaka kumwambia kila mmoja wao asiogope. Alipofungua mdomo walimtazama mdomo kwa namna iliyomfanya aufunge.

Mwisho wa mwezi Fomu Namba Saba ikaja.

Ilikaa mezani siku tatu, nayo ilitakiwa Wizarani Alhamisi adhuhuri. Jumatano alfajiri alitoka na fagio lake akakuta ua wake umekwisha fagiwa, mistari ya fagio imenyooka mpaka langoni. Upande wa pili wa ukuta cherehani ilikuwa kimya. Akasubiri. Akakohoa kidogo, ili asikike. Hapakuwa na mtu.

Alipoingia ndani ndipo alipobishiwa hodi. Alikuwa Fundi Tindwa, amesimama nje ya kizingiti ambacho kwa miaka ishirini na sita alikivuka bila kuuliza. Mikononi alikuwa na gauni jipya, limekunjwa vizuri, la maua na mistari. Hakuwa amempima. Alisema amelishona kwa kukisia, na kama halitamkaa atalirudia mara nyingi kadiri itakavyohitajika, wala hana haraka na kazi nyingine.

Bi Mkunde alilipokea. Macho ya Tindwa yalikwenda mara moja mezani, kwenye ile fomu, kwenye mstari wa sita, yakarudi chini haraka. Mzee wa miaka sitini na sita akavua kofia, akainamisha kichwa chenye mvi.

"Shikamoo, Mheshimiwa," akasema.

Bi Mkunde alitaka kumwambia la, kaka, mimi ndiye nikuamkie. Maneno alikuwa nayo, yalikuwa yaleyale ya kila siku. Akamtazama yule mzee aliyeinama, akautazama ua uliofagiwa, akakumbuka kwamba kesho ni Alhamisi.

"Marahaba," akasema.